Tangi la samaki la mtumba linavuja: je, nipake silikoni mpya juu ya ile ya zamani?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Dodoma. Nimenunua tangi la samaki lililotumika kutoka kwa mtumishi aliyehamishwa kikazi. Ni la kioo kitupu, halina fremu, urefu sentimeta 90, upana 45 na kimo 45. Vioo ni vizima, ila silikoni ya ndani imebanduka kwenye kona moja ya chini, na kwingine imekuwa nyeusi. Nililijaza maji jioni, asubuhi nikakuta yanadondoka upande wa mbele kulia. Nimeshanunua tyubu ya silikoni nyeupe ya bafuni. Nikilikausha vizuri kisha nikapaka pale panapovuja, juu ya ile ya zamani, itashika? Nataka kufuga mbuna, wale samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa.

Jibu: Marahaba. Nianze na jibu lenyewe usije ukapoteza muda na pesa: haitashika.

Silikoni mbichi haishikani na silikoni iliyokwisha kukauka. Kioo inakishika kwa nguvu ya ajabu, lakini ukiipaka juu ya silikoni ya zamani inalala tu pale juu kama karatasi iliyoloa iliyobandikwa ukutani. Siku za mwanzo utaona kazi imekubali, kwa sababu kingo za ule upako zimegusa kioo kidogo huku na huku. Baada ya wiki kadhaa maji yatakuwa yamepenya kati ya tabaka mbili, nawe utashika ncha kwa kucha na upako wote utakuja mkononi kama ganda la ndizi.

Kuna sababu ya pili, na hii inawasumbua hata mafundi. Pale unapoona tone si lazima pawe ndipo maji yalipopenyea. Tundu dogo la kuingiza sindano likiwa kona ya nyuma kushoto, maji huingia chini ya gundi ya ndani, yakaufuata mshono polepole hadi yapate upenyo wa kutokea, na wewe ukayaona mbele kulia. Miaka ya nyuma niliitwa mara tatu kwa tangi moja la sentimeta 120. Kila mara nilikausha, nikaziba palipokuwa na unyevu, nikaondoka nimeridhika. Mara ya nne nilikwangua gundi yote ya ndani, na tundu nikalikuta karibu mita nzima kutoka kwenye lile tone nililokuwa nalifukuza. Tangu siku hiyo sizibi kiraka kwenye tangi la mtu.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kuondoa gundi yote ya ndani, mishono minne ya chini na minne ya kusimama, kusafisha kioo mpaka kiwe kama kipya, kisha kupaka upya mishono yote minane kwa kikao kimoja. Kupaka ni dakika kumi. Kukwangua na kusafisha ni siku nzima, na hapo ndipo inapoamuliwa kama tangi litavuja tena.

Ile tyubu ya bafuni rudisha dukani, au itumie bafuni. Silikoni nyingi za bafuni huchanganywa na dawa ya kuua ukungu ili vigae visiwe vyeusi, na dawa hiyo hutoka kidogo kidogo ndani ya maji. Bafuni maji yanapita na kuondoka. Kwenye tangi samaki anayavuta kwa matamvua yake usiku na mchana. Soma tyubu kwa makini: ukiona popote maneno ya Kiingereza kama "mould", "fungus" au "sanitary", hiyo si ya samaki. Usidanganyike na harufu pia. Watu husema silikoni yenye harufu ya siki ndiyo salama kwa tangi. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka silikoni inapokauka, nayo inakwisha. Lakini zipo za bafuni zenye harufu hiyohiyo na dawa ndani yake. Tafuta iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa akwaria. Ukikosa, nenda kwa mafundi vioo, ulizia silikoni ya kioo iliyo silikoni tupu, asilimia 100, isiyo na kiongezi chochote. Epuka zile zilizoandikwa akriliki, na zile zinazotangazwa kuwa unaweza kupaka rangi juu yake.

Kabla hujalipa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Tyubu iliyokaa kwenye rafu yenye joto miezi mingi hukataa kukauka, ikabaki kama utomvu milele. Mimi hukamua kidogo juu ya kipande cha kioo siku moja kabla ya kazi. Kesho yake ikiwa imekuwa mpira na haibanduki kwa kucha, naendelea. Ikinata vidole, naitupa.

Tyubu moja ya mililita 280 au 300 inakutosha. Mishono yako ya chini ina jumla ya sentimeta 270, ya kusimama 180, zote pamoja 450. Ukipaka upana wa milimita 8 kwa kila kioo, unahitaji kama mililita 150. Inayobaki ni ya majaribio na ya kupotea. Rangi chagua uipendayo: nyeusi na isiyo na rangi zina nguvu sawa. Nyeusi inaficha mwani unaoota pembeni miaka ijayo, ila kila mkono unapotetereka inaonyesha.

Sasa, kabla hujashika wembe, lipime tangi lenyewe kama linastahili kazi hii. Lazima utofautishe gundi mbili. Ipo ile iliyobanwa katikati, kati ya ukingo wa kioo kimoja na uso wa kingine. Mimi huiita gundi ya kati, na ndiyo inayoshikilia tangi. Halafu ipo ile ya pembetatu unayoigusa kwa kidole ukiwa ndani, gundi ya kona. Kazi yake ni kuilinda ile ya kati isiguswe na maji, mwani, kucha na sumaku za kusafishia. Matangi ya zamani, kabla ya silikoni kuingia miaka ya 1960, yalikuwa na fremu ya chuma na vioo vilivyopachikwa kwa lami au puti. Lako halina fremu wala msumari. Linasimama kwa gundi ya kati peke yake.

Na uzito inaoubeba si mdogo. Ukiondoa unene wa vioo, tangi lako linachukua kama lita 170, yaani kilo 170 za maji bila mawe wala mchanga. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 80 likijaa. Msukumo huo unaletwa na kimo cha maji na urefu wa kioo. Upana wa kwenda nyuma hauuongezi hata kidogo. Kimo kingekuwa 60 badala ya 45, msukumo ungekaribia mara mbili. Ndiyo maana ya 45 nakubali mtu aitengeneze nyumbani, lakini ya 60 na kuendelea namwambia amwite mtu aliyewahi kuifanya.

Chukua tochi usiku, zima taa, mulika kila mshono ukiwa nje. Gundi ya kati iliyo nzima inaonekana sare, kama kivuli kimoja. Ukiona mabaka yanayong'aa kama fedha, hapo imeachana na kioo na hewa imeingia. Povu moja moja lililofungiwa katikati halina neno. Povu refu lililotoka upande wa ndani hadi upande wa nje ni njia ya maji. Angalia pia kingo: kioo kilichomeguka kwenye kona ya chini, au ufa wowote hata wa urefu wa punje ya mchele, unamaliza mjadala. Na ukikuta mabaka ya fedha yanachukua sehemu kubwa ya mshono, gundi ya kona haitakuokoa. Tangi hilo linatakiwa kufumuliwa lote, vioo vitengane na vijengwe upya, na hiyo ni kazi nyingine. Kwa maelezo yako, kubanduka kona moja na weusi hapa na pale, naamini lako bado lina gundi ya kati nzuri. Ule weusi ni mwani na uchafu uliojipenyeza nyuma ya gundi ya kona, dalili kwamba ilianza kuachia muda mrefu.

Kama silikoni yako ina rangi ya bluu kwa mbali, mwenye tangi alikuwa akitibu samaki kwa dawa ya bluu ya metilini, ambayo hupenya kwenye silikoni na haitoki. Ukiiondoa gundi ya kona, sehemu kubwa ya rangi hiyo itaondoka nayo.

Anza kwa kuondoa ukoko mweupe. Maji ya visima huacha ukoko mgumu kwenye mstari wa maji na kwenye kona, na silikoni ikipakwa juu yake itashika ukoko badala ya kioo. Loweka kitambaa kwenye siki nyeupe, kilaze juu ya ukoko nusu saa, sugua, suuza kwa maji mengi. Sabuni usiisogeze kabisa katika kazi hii, ya unga wala ya maji. Mabaki yake huzuia silikoni kushika, na yakibaki yanaweza kuumiza samaki.

Kukwangua kunataka wembe mpya, tena nyingi. Wembe mwembamba wa kunyolea unapinda na kukatika, unaweza kukurukia usoni. Nunua zile nene za upande mmoja pamoja na kishikio chake, au kikwangulio wanachotumia mafundi wa vioo. Nenda na wembe kumi na usizionee huruma. Ukisikia umeanza kukwama, tupa. Wembe butu hukufanya uongeze nguvu, na nguvu ndiyo inayochana kioo na vidole. Vaa glavu, vaa na miwani.

Laza wembe karibu sawa na kioo, usukume chini ya gundi ya kona kuelekea kwenye kona. Fanya hivyo upande mmoja, kisha upande wa pili, na gundi itatoka kama kamba ya pembetatu. Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kwenye kila mshono, kioo kimoja kinaishia pale na kingine kinapita. Ukiusukuma wembe juu ya kioo kinachopita, hautagonga kitu: utaingia moja kwa moja katikati na kuikata gundi inayobeba tangi. Ukiusukuma juu ya kioo kinachoishia, utagonga uso wa mwenzake na kusimama wenyewe. Kwa hiyo litazame tangi kwa nje kwanza. Kama kuta zimesimama juu ya kioo cha sakafu, basi sakafu ndiyo inayopita, na wembe uliolazwa sakafuni ndio wa kuchunga. Kama sakafu imezungukwa na kuta, hatari iko ukutani. Kwenye mishono ya kusimama, mara nyingi kioo cha mbele na cha nyuma ndivyo vinavyopita. Weka alama ya maka peni kwa nje kwenye kila kioo kinachopita, na kwenye hivyo wembe uishie milimita moja kabla ya kona. Nimeona tangi zuri likiharibiwa na wembe kwa dakika tano, kazi ya uangalifu wote wa aliyelijenga.

Usijaribu kufukua silikoni iliyomo kwenye ufa wa katikati. Iache. Mpya itakutana nayo kwenye mstari mwembamba sana pale konani, haidhuru, kwa kuwa huku na huku itakuwa na milimita 8 za kioo safi cha kushikilia.

Baada ya kamba kutoka utaona kioo kama kimeshakuwa safi. Hakijawa. Kuna utando usioonekana uliobaki, na utando huo ndio unaozifelisha kazi nyingi kuliko silikoni mbaya. Pitisha kidole: pakiteleza vizuri halafu ghafla pakasita kama umegusa raba, pana silikoni. Au kipumulie kioo kama unavyopumulia miwani. Ukungu wa pumzi utatanda sawasawa juu ya kioo safi, na palipo na utando utaonyesha mipaka na michirizi. Rudi hapo kwa wembe mpya na tone la spiriti, kwangua tena, futa, pumulia tena. Mimi hupita mara tatu, wakati mwingine nne. Ukifika mahali unajiambia "hapa panatosha", pita mara moja zaidi.

Kuhusu spiriti, nina jambo la kukutahadharisha. Ile spiriti ya hospitali ya kusafishia vidonda mara nyingi huwa na mafuta kidogo, ya mbarika na mengine, ili isikaushe ngozi. Yakibaki kwenye kioo umejiharibia. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo mara nyingi ina manukato na mafuta, hata kama ndani yake mna asetoni. Kwa mfuto wa mwisho nunua asetoni safi kwenye maduka ya kemikali au ya rangi za magari, tia kwenye kitambaa cheupe cha pamba, futa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Kila mshono na kitambaa chake. Madirisha yawe wazi wakati huo na pasiwe na jiko wala sigara karibu, maana mvuke wake unawaka moto kwa haraka. Baada ya hapo usiguse tena kwa mkono mtupu. Jasho la kidole kimoja linatosha.

Tangi lililovuja lina maji yaliyojificha kwenye nyufa, kwa hiyo kabla ya mfuto wa mwisho liache likauke siku mbili kamili. Dodoma mna bahati ya upepo mkavu, mtalimaliza hilo upesi. Waweza kulianika juani, lakini likianza kupakwa liwe kivulini na limepoa. Kioo chenye joto kinaifanya silikoni itie ngozi kabla hujaisawazisha.

Halafu vumbi. Mimi hapa Dar napigana na unyevu, ninyi huko mnapigana na vumbi. Deki chumba jioni ya kuamkia siku ya kazi, funga madirisha unapopaka, ukimaliza fungua moja tu kidogo harufu itoke. Watoto wakae mbali, ile asidi inawasha macho.

Weka tangi juu ya meza kimo cha kiuno, kama lilivyo, mdomo juu. Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, milimita 8 kutoka kwenye kona, kwenye kila kioo na kila mshono. Ndiyo itakayokupa mstari ulionyooka. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 5 au 6. Fanya mazoezi juu ya kipande cha kioo au hata sahani mpaka mkono uzoee kubana bunduki ya silikoni bila kusimama simama.

Uwe na msaidizi. Si jambo la hiari hili kwa mtu anayefanya mara ya kwanza. Silikoni hutia ngozi ndani ya dakika tano mpaka kumi, na mishono yote minane inatakiwa ikutane ikiwa mbichi, kwa sababu ileile niliyoanza nayo: kesho haitashikana na ya leo. Paka ya kusimama minne kwanza, kutoka juu kwenda chini. Kisha zunguka chini kwa mkupuo mmoja, ukihakikisha pale mishono mitatu inapokutana umejaza vizuri bila kuacha hewa. Kamba iwe nono, ionekane imegusa vioo vyote viwili. Wewe unapaka, msaidizi anakufuata nyuma akisawazisha kwa kidole chenye glavu kavu, mpito mmoja mrefu, kwa mgandamizo wa wastani. Asirudie rudie. Mafundi wa madirisha huchovya kidole kwenye maji ya sabuni, na kwa dirisha ni sawa. Kwa tangi sikubali: maji hayo yakiteleza mbele ya kidole yanaingia chini ya silikoni, nayo inakauka juu ya sabuni. Tangi moja lililosawazishwa hivyo lilinirudia baada ya miezi mitatu, mshono wa chini umenyanyuka wote kama utepe.

Ukimaliza tu, bandua tepu papo hapo, silikoni ikiwa bado mbichi, ukiivuta kwa mshazari kuelekea mbali na kona. Ukichelewa utaivuta na ngozi yake. Ukiona kasoro baada ya hapo, iache. Kasoro ya macho haivuji, ila kidole kinachorudi kwenye silikoni iliyoanza kukauka kinafungua njia.

Kisha subiri, na hapa Dodoma inahitaji subira kuliko Pwani. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, ikianzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku penye unyevu wa kawaida. Huku Dar inakwenda mbio. Kwenu, hasa kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ikiwa kavu, inajivuta. Weka beseni pana la maji chumbani, lisiwe ndani ya tangi, na utundike taulo lililoloa karibu. Ipe siku saba kamili. Siku ya saba ingiza kichwa ndani ya tangi unuse konani. Ukisikia siki bado, ongeza siku nyingine mbili.

Kulijaribu, liweke nje au bafuni, kwenye sakafu iliyonyooka kwa pima maji, juu ya karatasi ya sponji au ubao wa yale maboksi meupe mepesi yanayofungiwa televisheni, ili punje moja ya mchanga isije ikavunja kioo cha chini. Zungusha karatasi za chooni kavu pande zote. Zinaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Jaza sentimeta 15, lala. Asubuhi karatasi zikiwa kavu, fika 30, lala tena. Halafu jaza lote liache siku mbili. Kioo cha mbele kikibenuka kidogo sana katikati ni kawaida. Kulitoa maji tumia mpira, usithubutu kulinyanyua likiwa na maji hata robo, maana kulipinda kidogo tu kunatosha kuiachanisha gundi mpya na ya kati pia. Vile vipande vya kioo vilivyogundishwa juu, kama lako linavyo, usivitoe hata kama vinakuzuia kuingiza mkono. Vinazuia vioo virefu visitanuke.

Likivuja tena baada ya kazi hii kufanywa kwa ukamilifu, basi tatizo liko kwenye gundi ya kati na tochi haikulionyesha. Usipake tabaka lingine. Vioo ni vyako na ni vizima, tafuta fundi alifumue na kulijenga upya. Unene wa kioo kwa tangi la vipimo vyako nisingependa uwe chini ya milimita 8, au 6 ikiwa lina vile vishikizi vya juu. Pima kabla ya lolote.

Likishinda jaribio, limwage, suuza, jaza tena siku moja, limwage tena. Ndipo uanze kufikiria samaki.

Nimefurahi umechagua mbuna. Dunia nzima wafugaji wanawaita kwa jina hilohilo la wavuvi wa Ziwa Nyasa, na samaki wenyewe wamejaa kwenye miamba ya kwetu, kule Liuli na Mbamba Bay. Wamezoea maji yenye alkali, pH kama 7.8 hadi 8.6, kwa hiyo maji ya visima yanayokuachia ule ukoko mweupe yanaweza kuwafaa bila dawa nyingi. Yapime tu kwanza. Ila ni wachimbaji. Watafukua mchanga chini ya jiwe mpaka liporomoke, na jiwe la kilo tano likiangukia mshono wako wa chini, kazi yote ya wiki mbili imekwisha. Kwa hiyo panga mawe kabla ya mchanga. Tandika kipande cha plastiki laini au sponji nyembamba juu ya kioo cha chini, kaza mawe juu yake mpaka yasitikisike ukiyasukuma kwa mkono, yakae angalau sentimeta tano kutoka kwenye kila mshono, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Na ukisafisha kioo kwa sumaku au wembe, geuza mkono kabla hujafika kwenye silikoni. Tangi nyingi ninazoletewa zimeanzia kuharibika hapo, kwenye ncha ya gundi ya kona iliyochongwa kidogo kidogo kila Jumamosi.